Pindo la Miaka Minne

Esinati Gwatidzo alikuwa mkono wa birika, alijua kwamba kijiji kizima kinamwita hivyo, na hakujali hata chembe. Gauni lake la kila siku lilikuwa na viraka mpaka viraka vyenyewe vikashonewa viraka. Binti zake wawili, Ratidzo na mdogo wake Shuvai, walivaa masweta yaliyofumwa kwa nyuzi za masweta mengine yaliyofumuliwa, na rangi zake hazikupatana hata siku moja. Mumewe alikuwa na suruali moja ya kanisani, na akirudi kutoka kanisani aliivua kabla hajasalimia mtu. Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda, ambalo ufunguo wake Esinati aliufunga kiunoni kwa kamba na kulala nao.

Ndani ya sanduku mlikuwa na sare za shule ya wasichana ya misheni, ile ya bweni, ambayo Esinati aliamua Ratidzo atasoma humo siku ambayo Ratidzo mwenyewe alikuwa bado hajajua kugawanya kwa mbili. Kila mwaka, wasichana wa kidato cha nne walipomaliza mitihani, Esinati alibeba gunia la karanga hadi langoni mwa shule na kusimama hapo. Msichana anayefunga safari ya kurudi nyumbani kabisa hana subira ya kubishania bei. Kwa karanga na maneno matamu alipata gauni la kijani, mwaka uliofuata la pili, kisha sweta, kisha koti lenye nembo mfukoni, viatu vyeusi vilivyozidi mguu wa mtoto kwa vidole viwili, na soksi nyeupe. Vitu viwili tu alinunua vipya dukani mjini Mupandawana, navyo ni mablanketi, kwa kuwa orodha ya shule ilitaka mapya.

Magauni aliyafumua chini akayatia pindo pana la kiganja kizima. Kila Januari pindo lingeshushwa kidole kimoja, na kwa hesabu yake lingemfikisha Ratidzo kidato cha nne. Hapo lingepandishwa tena lote, Shuvai aanze.

Ratidzo alilichukia sanduku hilo. Alilichukia hasa siku ile aliporuka kamba shuleni, sketi ikapeperuka, na wenzake wakasoma maandishi ya kiwanda cha unga kwenye shimizi yake iliyoshonwa kwa mfuko wa unga. Alirudi nyumbani analia, akamwambia mama yake kwamba anatamani sanduku liungue moto. Esinati hakukasirika, alicheka tu.

“Likiungua utaenda shule umevaa majivu,” alisema. “Haya, lete hiyo shimizi niigeuze, maandishi yaingie ndani.”

Mtu mmoja tu asiye wa nyumba ile aliwahi kuonyeshwa vilivyomo, naye ni shangazi Keresia, dada wa baba. Keresia alivishika vitu kimoja kimoja, akavisifu, halafu akasema neno ambalo Ratidzo, aliyekuwa mlangoni akichambua mboga, alilisikia vizuri.

“Wifi, mpe mtoto hivi vitu. Mpe kwa mikono miwili, mbele ya watu, mimi nikiwepo. Vikikaa hapa ni vyako.”

“Nikimpa leo, kesho kavaa, keshokutwa nashona.”

“Basi andika hata jina lake kwenye kola.”

“Kola ikibeba majina mawili nguo haiuziki. Shuvai akimaliza nayo, nani ataninunulia gauni lenye jina la mwanangu?” Akafunga sanduku, akavuta kamba kiunoni kuhakikisha fundo limekaza.

Hakuna aliyebishana na Esinati akashinda. Mwezi wa kumi, wiki aliyomaliza Ratidzo mtihani wake wa darasa la saba, Esinati aliinama shambani kung'oa kisiki, akakaa chini, akasema kichwa kinamuuma, na jioni hiyo hakuwa na uhai.

Nguo za mwanamke aliyeolewa, akifa, si za mumewe wala za watoto wake. Ni za kwao. Ndugu zake ndio huja, wakazitandika kwenye mkeka na kuzigawa, na mkwe hukaa chini kando yao akipiga makofi ya heshima. Kwa kawaida familia husubiri miezi kadhaa, huzuni ipungue. Lakini dada mkubwa wa marehemu, Fungisai, alisema Novemba ni mwezi wa miko, haifanywi shughuli yoyote, na baada yake ni mvua na kulima, kwa hiyo ni afadhali yaishe mapema. Majani ya kaburini yalikuwa hayajakauka vizuri walipofika, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, wanawake sita na wazee wawili.

Nguo zenyewe za Esinati ziligawiwa upesi, maana zilikuwa chache na chakavu. Ndipo akainuka mtani wa ukoo, mwanamke ambaye kazi yake ni kuchekesha watu penye msiba. Akavaa lile gauni la viraka juu ya nguo zake, akajifunga kamba ya ufunguo kiunoni, akaanza kutembea kama Esinati, kifua mbele, akiokota vipande vya uzi ambavyo havikuwepo na kuvitia kifuani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hata Ratidzo alicheka, maana alikuwa ni mama yake mtupu. Kisha mtani akaingia ndani, akaburura sanduku hadi nje, akatia ufunguo, akafungua kwa mbwembwe zote.

Kicheko kilikatika. Fungisai ndiye aliyesogea kwanza. Aliyatoa mablanketi mawili, bado yamo kwenye nailoni yake, akakaa nayo mapajani.

“Mama yetu tulimzika na blanketi kuukuu,” alisema. “Mwezi wa sita, na baridi ile. Nilimuuliza Esinati, una chochote nyumbani? Akaniangalia machoni, akasema hana. Na haya yalikuwa hapa.”

Ratidzo alijua ni kweli, kwa sababu mablanketi yaliingia sandukuni mwaka juzi, na bibi alizikwa mwaka jana. Alimwonea mama yake haya, na papo hapo akaona haya kwa kumwonea haya.

Magauni yalipotoka, shangazi Keresia alishindwa kunyamaza. Alisema wazi kwamba hizi ni sare za mtoto, Esinati hakuwa anaenda shule, kila mwenye macho anaona. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, na kwa kitambo kidogo Ratidzo alidhani mambo yamekwisha. Fungisai hakupandisha sauti. Aliigeuza kola ya gauni la kwanza, akasoma, akaigeuza ya pili. Kisha akafungua koti.

“Memory,” alisoma. “Huyu hapa ni Precious. Na kwenye koti ni Locadia, limefutwafutwa lakini linasomeka. Shumba,” akamwita baba kwa jina la ukoo wake, “katika binti zako, Locadia ni yupi?”

Watu wawili watatu wakaguna kicheko. Baba alitazama vidole vya miguu yake. Alizijua zile nguo, alikula ugali wa sadza kwa mboga za majani matupu miaka minne kwa sababu yake, na alikuwa na ulimi kinywani. Lakini mkwe haongei penye mgao wa nguo, na yeye hakuongea.

“Ni zangu,” alisema Ratidzo.

“Alikupa?”

“Alisema nikifaulu.”

“Alikukabidhi mkononi? Nani alikuwepo?” Fungisai alimngoja, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. “Halafu mwanangu, majibu hayajatoka. Unagombea sare ya shule ambayo bado haijakuita.”

Keresia alianza tena, akaambiwa kwa adabu kwamba huu ni mgao wa upande wa mke na yeye ni upande wa mume. Mchana ule sanduku liliondoka juu ya kichwa cha binamu mmoja, likiwa zito vilevile. Ratidzo, kama mtoto wa kwanza, hakuachwa mikono mitupu. Alipewa lile gauni la viraka, likiwa bado na joto la mwili wa mtani.

Majibu yalitoka Desemba, na shule ilimwita. Baba aliuza ng'ombe dume wa kulimia, akalipa ada ya muhula, na pesa zilizobaki akazikunja kwenye kitambaa. Hakusema watafanya nini kuhusu sare, na Ratidzo hakumuuliza. Tangu Oktoba walikuwa hawazungumzi sana. Kila alipomtazama, Ratidzo aliona zile dakika alizotazama vidole vyake, na moyo wake ulijaa nyongo.

Siku ya kufungua shule, wanawake walikuwa wamepanga sare kuukuu kwenye maturubai nje ya lango. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa Fungisai. Hakujificha wala hakujishtua. Alipiga makofi kumsalimu mkwe, akauliza habari za Shuvai, akamvuta Ratidzo na kumshika mashavu.

“Nilijua utafaulu. Akili ni za mama yako. Nimekuwekea gauni moja na viatu, nimewakatalia watu tangu asubuhi. Lile lingine limekwenda. Na koti nalo limekwenda.”

Ratidzo alikuwa ameshaliona koti. Lilikuwa langoni, mwilini mwa msichana mnene aliyekuwa akisaidiwa na baba yake kushusha begi. Mablanketi hakuyaona.

Fungisai alitaja bei. Alisema kwa ndugu anapunguza. Baba akafungua kitambaa, akatoa karibu pesa zote zilizokuwemo, akampa kwa mikono miwili, kisha akachuchumaa akapiga makofi kumshukuru, maana ni mkwe. Ratidzo alimwangalia anavyopiga makofi. Nyongo yake ikageuka kitu kingine, ambacho hakikuwa nafuu.

Alilivaa gauni palepale, juu ya alilokuja nalo. Fungisai akapiga magoti kulinyoosha chini, vidole vyake vikakuta pindo, akalipima kwa kiganja.

“Esinati alijua kushona,” alisema polepole. “Hili linakufikisha kidato cha nne. Ulitunze. Ukimaliza unaliuza, pesa ya baba yako inarudi.”

Ratidzo alimwomba baba ile kalamu aliyojazia fomu. Akavua gauni, akaketi ukingoni mwa turubai, akaigeuza kola. Juu kabisa palikuwa na jina la Memory. Alilipiga mstari, akaandika Ratidzo Gwatidzo kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka wino ukatokea upande wa nje.

“We mtoto, unaliharibu,” alisema Fungisai. “Halitauzika tena hilo.”

“Najua, mama mkubwa.”

Akainama tena, na chini ya jina lake akaandika Shuvai Gwatidzo. Akapuliza wino ukauke, akamrudishia baba kalamu yake.