Kurudi Kundini

"Tena," alisema Mwinjilisti Abrahamu. "Mkisimama hapo mbele msiangalie sakafu. Mchungaji akiuliza, mjibu kwa sauti: natubu, naomba mnipokee. Siyo kunong'ona kama mnaiba kuku."

Watu wanne waliosimama mbele ya kanisa wakainua nyuso. Kesho yake, Jumapili ya Mitende, Mchungaji angefika kutoka usharikani kuwarudisha kundini. Ndivyo ilivyo katika mtaa huu wa Kilutheri ulio katikati ya mkonge, nje kidogo ya Muheza. Ukianguka, jina lako linasomwa mbele ya watu na unatengwa na meza ya Bwana. Ukitubu, unasimama mbele ya watu walewale, unapokewa. Kazi ya kuwaandaa wanaorudi ilikuwa ya Abrahamu, na mwaka huu ulikuwa wa ishirini na mbili. Aliijua, usifanye mchezo. Alimjua wa kumweka karibu na ukuta asije akazirai, na alimjua wa kumnong'oneza mapema aje na leso.

Wa mwisho katika mstari alikuwa Bibiana, msichana wa miaka kumi na tisa, kichanga mgongoni. Alifungua kinywa ajibu, kikamtoka kilio. Hapo mtu mmoja akainuka benchi la nyuma. Alikuwa baba yake, Safari, mkata mkonge, bado yumo ndani ya mabuti ya shambani. Alitembea mpaka mbele, akasimama ubavuni kwa binti yake, mikono kaiachia tu.

"Baba Bibiana, wewe kaa," Abrahamu alisema. "Hujatengwa."

"Najua."

"Sasa unasimama kwa kosa gani?"

"Kosa sina, Mwinjilisti. Ila huyu ni mwanangu. Akisimama peke yake, mimi huko nyuma nitakaaje?"

Abrahamu alitafuta kichwani kanuni inayokataza, asiione. Miaka yote ile hapakuwa na mzazi aliyeomba, kwa hiyo hapakuwa na aliyekumbuka kukataza.

"Haya, simama," alisema.

Aliwaruhusu mapema. Kisha akabaki peke yake kwenye benchi la tatu, alipokuwa amekaa Elizabeti miaka mitano iliyopita.

Elizabeti ni binti yake, na hana mwingine. Alipopata mimba na kijana aliyekwishakimbilia mjini, Mchungaji mwenyewe alimvuta Abrahamu pembeni akamwambia, "Jina hili nitalisoma mimi. Wewe kaa na mkeo." Abrahamu akakataa katakata. Aliogopa watu waseme wana wa wenzake anawaanika na wake anamfunika. Basi akalisoma mwenyewe, jina la mtoto, la baba na la ukoo, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Elizabeti aliinuka, akapita mlango wa pembeni. Hakukimbia. Baada ya ibada wazee wa kanisa walimshika Abrahamu mkono mmoja mmoja: "Huyo ndiye mtumishi!" Na tuseme ukweli, maana yeye hakuwahi kumwambia mtu: alifurahi. Siku ile alikula ugali wake akaumaliza.

Furaha ile haikufika hata Jumatano. Elizabeti alikwishaondoka. Tangu hapo Abrahamu alimtamani mwanawe kama mtu mwenye njaa anavyotamani chakula. Alikumbuka Elizabeti alivyokuwa akimcheka yeye, baba, anapoimba besi kwa kukosea. Kila Kwaresima, akiandika orodha ya wanaorudi, aliacha mstari mmoja mtupu chini, akangoja. Mstari ukabaki mtupu mara tano.

Nyumbani alimkuta mkewe, Jenifa, amekaa chini akichambua machungwa ya sokoni, mabovu huku, mazima kule.

"Safari amesimama na binti yake," Abrahamu alisema.

"Nimesikia. Nani hajasikia?"

"Mimi nilikuwa na wito, Mama Eliza. Ningefanyaje?"

"Wito!" Jenifa akaliweka chini chungwa alilolishika. "Wagonjwa wa watu unawaamkia alfajiri. Walevi wa watu unawafuata mpaka kilabuni, unakaa nao, unawabembeleza kama mayai. Wote hao unawafuata, Baba Eliza. Mwanao tu ndiye unayemngoja."

Abrahamu akaokota chungwa moja, akalitia kwenye mabovu.

"Huko Ushongo aliko siyo mbinguni," Jenifa aliendelea, sasa kwa upole. "Mimi nimekwenda mara nne. Anafua mashuka ya hoteli ya wageni. Mtoto ana miaka minne, na hujawahi kuniuliza hata jina lake."

"Anaitwa nani?"

"Jenifa. Kampa langu."

Mwinjilisti alikaa juu ya gunia akalia, mwanamume mzima, na mkewe akamwacha alie. Hakumwambia pole. Alimsogezea kikombe cha maji, akarudi kwenye machungwa yake.

Jumapili, Safari alisimama na Bibiana kama alivyosema, na Mchungaji alipouliza, baba akajibu pamoja na mwana. Watu walipiga makofi, wanawake vigelegele, na Abrahamu akaimaliza sehemu yake ya ibada vizuri kabisa. Lakini neno la baraka halijapoa, alikwishavua kanzu, anaikunja.

"Mwinjilisti, unakwenda wapi?" mzee mmoja wa kanisa alimaka. "Mchungaji hajala!"

"Mpeni ale."

"Na wewe?"

"Mimi nimechelewa," alisema, akatoka mbiombio kuwahi basi la Pangani.

Alivuka mto kwa pantoni, akapanda bodaboda, na saa kumi jioni alikuwa Ushongo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Mwanzo ulikuwa mzuri, na katikati palikuwa na neno la Mungu. Aliposhuka na kumwona Elizabeti nyuma ya hoteli, kainama juu ya beseni, mabega yamepanuka kwa kazi, maneno yote yakamruka.

Elizabeti aliinua kichwa. Akapangusa povu mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anaumwa?"

"Mama yako mzima."

"Basi umekuja kuniandika? Nilisikia leo ndiyo siku yake."

"Hapana. Sikuja kukuandika."

"Umefuata nini, Baba?"

Abrahamu alitazama huku na huku. Palikuwa na kamba za kuanikia, mabeseni, na mpishi mmoja kakaa kwenye ngazi ya jikoni akimenya vitunguu. Akasogea mbele, akasimama wima, uso kwa mwanawe, kama anavyowafundisha wengine.

"Mimi Abrahamu," alisema, "nilisoma jina lako. Mchungaji alitaka kunipumzisha, nikakataa. Sikukataa kwa ajili ya Mungu, Eliza. Nilitaka wanisifu, na walinisifu. Nikakuacha upite mlango ule peke yako, na nilikuwa baba yako. Natubu. Naomba unipokee."

Mpishi aliacha vitunguu vyake. Elizabeti alimtazama baba yake mpaka Abrahamu akajua kwa mara ya kwanza jinsi sekunde zilivyo nzito kwa mtu aliyesimama pale mbele.

"Wanaorudi," Elizabeti alisema mwishowe, "huwa unawafundisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Kabla hawajapokewa."

"Kabla hawajapokewa, ndiyo."

"Basi hii ya leo ni moja."

"Nitakuja," Abrahamu alisema. "Hata ukisema thelathini."

Elizabeti aliinama, akatoa shuka kubwa beseni­ni, zito kwa maji, akamtupia ncha moja. "Shika huko. Kamulia kulia, mimi nakamulia kushoto. Nikikamua peke yangu hukauka vibaya."

Wakakamua. Shuka likajisokota katikati yao, likakaza, maji yakamwagika juu ya viatu vya kanisani vya Abrahamu, naye hakusogeza mguu. Hapo akatokea mtoto wa kike kutoka upande wa jikoni, mchanga wa pwani umemjaa mpaka magotini, kipande cha nazi mkononi.

"Mama, huyu nani?"

Elizabeti hakuachia ncha yake. "Muulize mwenyewe."

Mtoto akamgeukia mgeni, akamkazia macho, akitafuna. Abrahamu alichuchumaa, shuka bado mikononi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Mimi," alisema, na sauti ikaishia hapo.

Jenifa mdogo akameza nazi yake, akangoja.