Sauti Chini ya Kuba

Mume alikuwa msimulizi wa ukumbi wa maonyesho ya nyota, naye mkewe ndiye mwasha mitambo. Mke alishamzika mumewe, lakini kila alasiri taa zikizimwa, sauti yake iliyorekodiwa ilishuka kutoka kwenye kuba: "Karibuni, ndugu zangu. Msisukumane, mbingu inatutosha sote." Watoto wa shule wakicheka, yeye alitulia gizani kama mtu aliyefika kwake. Nyumbani hakukuwa na wa kumwambia karibu.

Siku moja mkuu mpya wa ukumbi, binti mwenye adabu zake, alimfuata kwenye mitambo.

"Shikamoo, mama. Ile sehemu ya galaksi imepitwa na wakati. Mzee anasema galaksi yetu na jirani yake hakika zitakutana. Vipimo vipya vinasema huenda zikapishana tu. Naona turekodi yote upya, tutafute msomaji."

"Yote? Kwa neno moja?"

"Na anakohoa mle, mama."

"Alikohoa hata siku ya kuniposa. Nilimwelewa."

Binti akacheka, kisha akatazama chini.

Mengine ya mzee yalikuwa bado sahihi: kwamba galaksi mbili zikipenyana, nyota zake hazigongani, kwa jinsi zilivyoachana mbali, kwamba mawingu ya gesi ndiyo yanayogandamizana, nyota changa zikawaka humo kwa wingi, kwamba ile mikono mizuri ya nyota iliyojipinda kama konokono huvurugika, likabaki umbo la yai lisilo na alama ya lile la kwanza. Aliyasema polepole, kama alivyomweleza mkewe jikoni.

"Toa ile sentensi ya 'hakika' tu," mama akasema. "Nitaisoma mimi."

Fundi sauti akamweka mbele ya maikrofoni, mkuu akisikiliza pembeni. Mara ya kwanza ulimi ukasema "hakika". Mara ya pili sauti ikakwama.

"Pumua, mama, hatufukuzwi."

"Subiri wewe. Koo la mjane ni bomba la zamani, huanza kwa kutoa kutu."

Kisha akasema, "Huenda zikakutana. Huenda zikapishana, kila moja ikaenda na giza lake."

"Hilo giza halimo kwenye karatasi," fundi akasema.

"Liache," mkuu akamjibu.

Alasiri iliyofuata mama akazima taa. Mumewe akakaribisha watu, akakohoa, akafika kwenye galaksi. Ndipo mama akajisikia mwenyewe huko juu, sauti kavu kidogo, na kabla neno lake la mwisho halijatua mumewe akaendelea, kama alivyozoea kumkatiza mezani.

Mama akafungua mdomo amjibu, akakumbuka ukumbini mna watu.