Swali la Kabla ya Mkasi

Kwenye duka letu la ushonaji mume wangu anakata, mimi nashona. Tangu tuoane hakuwahi kugusa kitambaa kwa mkasi bila kuniuliza. Anatandaza, anachora kwa chaki, anarudi nyuma kidogo, kisha, "Nikate?" Mimi naacha cherehani, nakuja mezani, naangalia. "Kata," nasema. Wateja walikuwa wanatucheka. Na wacheke. Kuna wanawake wanaoletewa maua. Mimi niliulizwa swali hilo kila siku na sikuwa na haja ya maua.

Mwaka huu swali likakoma. Siku moja nilimkuta amesimama mezani, mkasi mkononi, macho amefumba, midomo inachezacheza. Kisha akafumbua macho, akakata.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Naomba tu."

"Unamwomba nani?"

Akaangalia juu, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Sasa, mimi na Mungu tulishaachana siku nyingi. Sababu yangu ninayo, na kila aliyenihubiria nilimmwagia: mama yangu aliomba mchana na usiku, akafa kwa maumivu vilevile. Mume wangu alinielewa. Siku ya ibada, majirani wakipita na nguo zao zilizonyooshwa, sisi tulikuwa kitandani na chai yetu, tunacheka. Kutoamini kulikuwa mali yetu wawili. Leo mwenzangu amehama bila hata kuniaga!

Niliona wivu, nasema wazi. Angekuwa mwanamke ningejifunga kibwebwe nikamfuata kwake. Huyu utamfuata wapi? Anachukua asubuhi ya mume wangu kabla sijaulizwa nimelalaje. Na kilichoniudhi zaidi ni hiki: nikisema, "Mstari huo umepinda," mume wangu anaurekebisha, halafu anaitabasamia dari. Nimeona mimi, inachekewa dari!

Nikazidi kukanusha. Tukila, namwambia Mungu hayupo. Tukifunga duka, hayupo. Dada yangu, anayeuza vifungo chumba cha pili, akanisikia akaangua kicheko.

"Sasa mbona unamnunia? Mtu hayupo, unamnunia wa nini?"

Nikamwambia ashughulike na vifungo vyake. Lakini neno lile lilinikaa. Nilirudi kwenye sababu yangu ya mama, nikaigeuza kama nguo, nikaangalia upande wa ndani. Kumbe si maumivu yake yaliyonikata moyo. Siku zake za mwisho alikuwa ananiambia, "Toka kidogo mwanangu, nizungumze na Mungu," nami nasimama nje ya mlango. Muda uliobaki alimpa Yeye. Hata wakati ule ulikuwa wivu.

Kujua hivyo hakukunipoza. Kulinitia hasira zaidi.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyekuwa anastaafu, alipotuletea mahameli ya zambarau iliyokoza, tumshonee gauni la kuagia. Mahameli ina ujanja wake: vinyweleo vyake vinalala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja kikielekea juu na kingine chini, mbele patang'aa na mgongo utafifia, utadhani ni vitambaa viwili. Kila fundi anajua hilo, ndiyo maana unapapasa kwanza.

Mume wangu alikata mbele, sawasawa. Akatandaza mgongo. Nikiwa kwenye cherehani nikaona ameugeuza juu chini, na kitambaa cha akiba hakikuwepo. Nikafungua mdomo. Yeye akafumba macho. Nikaufunga.

Haya, nikasema moyoni. Kama upo, mwambie Wewe.

Midomo yake ikatulia. Mkasi ukaingia. Niliusikia unavyotembea, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi mpaka ulipofika mwisho.

Nikavichukua vile vipande viwili, nikavipeleka dirishani. Kimoja zambarau, kingine kama majivu.

"Mwangalie Mungu wako," nikamwambia.

Hakuona. Nami nikaona kwamba haoni. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kitambaa, akapapasa huku na huku, ndipo akajua. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Macho yangu," akasema. "Tangu mwaka uanze. Chaki naiona kwa shida, vinyweleo hivi sivioni kabisa."

"Ukamwambia Yeye. Mimi hukuniambia."

"Mkataji asiyeona, mke wangu! Ningeanzia wapi? Hata kukuuliza 'nikate' niliogopa, maana ungekuja mezani, ungenitazama usoni, ungejua."

"Na ulikuwa unamwomba nini?"

"Kitu kimoja tu. Nikikosea, wewe uone." Akafuta uso kwa kiganja. "Na umekuwa unaona, kila mara. Leo ndiyo mara ya kwanza hukuona."

Ningeweza kunyamaza. Angeamini, na Mungu wake ndiye angebeba lawama.

"Niliona," nikasema. "Kabla hujakata."

Alinigeuzia macho yale yasiyonifikia vizuri. Hakunigombeza.

"Basi alijibu," akasema polepole.

Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia kosa ni langu. Alinikemea kama mwanafunzi wake, nikapokea, mwishowe akakubali mgongo wa satini nyeusi.

Satini ikatandazwa. Mume wangu akachora mistari minene ili aione, akarudi nyuma kidogo, macho wazi, akanigeukia mimi.

"Nikate?"

Swali langu lilikuwa limerudi, mimi peke yangu ndiye niliyeulizwa. Nikakagua mistari, yote imenyooka. Kama Yeye yupo, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba nimemwonea wivu maisha yangu yote.

"Muulize na Yeye kwanza," nikasema.

Mume wangu akafumba macho. Nikasimama ubavuni kwake, yangu nimeyakodoa kwenye kitambaa, nikangoja zamu yangu.