Kikapu Katikati Yetu

Gari la saa kumi na mbili asubuhi, Bunda hadi Musoma, nimelipanda miaka mitatu, na sitaki mtu anifundishe namna ya kukaa. Tunaliitaga mchomoko: kigari cha watu watano ambacho Fredy, dereva wetu, anapakia tisa na bado anapiga kelele kwamba nafasi ipo. Nafasi iko wapi, Fredy? Kwenye mbavu zangu?

Mimi ni fundi wa majokofu ya samaki pale Mwigobero, Musoma mjini, na safari imenifunza mengi. Kaa dirishani. Begi liweke magotini. Vuta kofia mpaka puani na ufumbe macho mapema, kabla gari halijasimama Kiabakari, maana aliyelala haambiwagi asogee. Anayejibu salamu ndiye anayebebeshwa mtoto, kuku na stori za watu. Mimi sijibugi. Katika abiria wote wa kila siku namjua jina mmoja tu, Eunice muuza mihogo, na huyo ni kwa sababu hajui kunyamaza.

Nyumbani nako nikawa hivyo hivyo. Nikirudi nakula, navuta kofia, nafumba macho. Mke wangu, Getruda, akaniambia, "Pastory, mimi siyo abiria mwenzako." Nikamfokea. Nimechoka, nikasema, nimebanwa tangu asubuhi, na wewe unataka hadithi! Kesho yake akafunga begi akarudi kwa mama yake Butiama. Wiki ya tatu ilikuwa inakatika. Jumapili nilipanga kwenda na mjomba Magesa kumwomba arudi, taarifa tulishatuma, na mwenye neno la mwisho pale ni mama yake. Akikataa yeye, basi, nimekwisha.

Ijumaa hiyo, tulipofika Kiabakari, abiria aliyekuwa kati yangu na Eunice akashuka. Nikachungulia chini ya kofia. Mungu wangu! Mama mkwe wangu amesimama barabarani na kikapu chake, anakuja moja kwa moja kwenye mlango wetu.

Kwetu mama mkwe hakaribiwi. Ukimwona njiani unapisha, unaingia kwenye majani mpaka apite. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, na likiwepo la kusema, linapitia kwa mtu wa tatu. Kumgusa? Hilo hata silisemi. Mwenye adabu angeshuka pale pale, amwachie gari, asubiri lingine. Lakini mlango wa upande wangu kitasa cha ndani kilishakufa, anaufungua Fredy kwa nje, na kumwita Fredy ni kuonyesha sura ambayo nilikuwa naificha wiki tatu nzima. Nikafumba macho. Hapo ndipo nilipokosea.

"Pita katikati, mama, mimi nitakaa huku," Eunice akasema.

Nikasikia kitenge kinapita, halafu kitu kigumu kikanichoma ubavuni. Kikapu! Fredy akasukumiza jamaa mmoja mnene mlangoni, akaubamiza mlango, kikapu kikazidi kuzama. Si angekiweka nyuma kwenye buti huyu mama? Siwezi kusogea, siwezi kukohoa, jasho linanitiririka mgongoni, na kushuka hakuna mpaka mtu anifungulie.

"Mama, unaenda mjini?" Eunice, nani mwingine.

"Naenda kumtafutia binti yangu vitambaa. Anataka kufungua ushonaji wake kule Butiama."

Kumbe Getruda anahamia kabisa!

"Ameachika?"

"Hajaachika, amechoka. Mimba yake iliharibika baada ya Pasaka. Kila alfajiri alikuwa analia, mume yuko pembeni amefumba macho. Huyo mume anadhani mwanangu haelewi? Mtu aliyelala hapumui kwa kuibia."

"Ee, wanaume hawa!"

"Siyo mtu mbaya. Hampigi, halewi. Ila hayupo."

Nilikuwepo! Kila kwikwi niliisikia. Yule mtoto nilishampa jina, Burito, la marehemu babu yangu, sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikifumbua macho nitalia kumshinda Getruda, halafu nani atambembeleza mwenzake? Nikafanya ninachofanyaga garini. Sasa machozi yakaanza kunitoka chini ya kofia na sina mkono wa kuyafuta, yote miwili imebanwa chini ya begi.

Makutano, Fredy akashusha mmoja akapakia wawili. Jamaa mnene akatuegemea wote. Kila gari lilipoyumba nilisikia mkono wa mama unakishika kikapu na kukirudisha pale pale, kwenye ubavu wangu. Nilikichukia kile kikapu kuliko kitu chochote duniani.

Stendi ya Bweri mlango wa upande wao ukafunguliwa. Jamaa mnene akashuka, Eunice akashuka, mama naye akashuka. Nikasubiri aende. Hakwenda.

"Mwanangu," akamwambia Eunice, "mwambie huyo wa dirishani, Jumapili mjomba wake amwache nyumbani. Aje mwenyewe. Na aje akiwa macho."

Eunice akanigeukia, mdomo wazi. "Kaka! Kumbe ni wewe?"

Nikavua kofia. Mama alikuwa amenipa mgongo, kama inavyotakiwa, kikapu kinaning'inia mkononi, mdomo chini. Kilikuwa kitupu. Hakina hata kiazi kimoja. Safari nzima alikuwa amekishikilia kati yetu ili mkwe wake asipate aibu ya kumgusa, na mimi namlaani.

"Mwambie mama nimesikia," nikasema. "Mwambie... mtoto wetu nilimwita Burito. Naomba Getruda aambiwe."

Mama alikuwa hatua tatu tu, lakini Eunice alimrudia neno kwa neno, polepole, macho yake yameshajaa machozi. Nikaona bega lake linapanda na kushuka.

"Mwambie hilo mimi sibebi," akamjibu Eunice bila kugeuka. "Hilo akampe Getruda kwa mdomo wake."

Akaenda. Nikainamisha kichwa mpaka alipopita, halafu nikagonga kioo, nikamwita Fredy kwa jina aje anifungulie.