Mkono wa Koko Bernardine

Sabine, monitrisi, yaani mwalimu, wa shule ya Jumapili huko Kasenga, aligundua kwamba watoto wake walimjua mwimbaji Abigaïl kwa simu tu. Walikuwa wameiona video yake moja, ile anayoimba ufukweni akiwa amevaa gauni jeupe, nao waliamini kwamba ndivyo anavyoshinda kila siku. Kwa hiyo Jumamosi moja akawachukua watoto saba, wakatembea hadi Kilibula kuona maisha ya mwimbaji wa nyimbo za Injili.

Walimkuta uani akisugua sufuria.

"Ile gauni iko wapi?" akauliza Ornella, mwenye miaka kumi.

"Iko ya dada yangu. Alikuwa ananingoja pale pembeni, alikuwa na arusi saa nane."

Ornella akalitafakari hilo. "Na leo unafanya nini?"

"Leo niko na repetisyo ya korali, mazoezi. Kisha tunaenda Nyamianda kuimbia koko mumoja. Mukuje, muone."

Kanisani, mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kumwamkia mama mkwe wake. Walikaa kwenye ngazi kwa muda wa saa mbili. Abigaïl alikuwa amebeba fungu la mboga za lengalenga. Akawagawia watoto, wakachambua majani. Ufunguo ulipofika, wanakwaya waliimba mstari mmoja mara kumi na nane.

"Sababu gani munarudilia?" Ornella akanong'ona.

"Sababu ya Toussaint," Abigaïl akasema.

Toussaint, mpiga gitaa, akaitikia kwa kichwa.

Koko Bernardine wa Nyamianda alikuwa mjane mkongwe, na masikio yake yalikuwa yamekufa miaka tisa iliyopita. Abigaïl aliketi mkekani akimpa mgongo, naye mkongwe akaweka kiganja katikati ya mabega yake. Abigaïl akaimba. Sauti ilipopanda, mkono nao ulipanda hadi shingoni. Iliposhuka, ukashuka nayo. Wimbo ulipokwisha, Koko akasema, "Leo uko na mafua."

Abigaïl akageuka ili midomo yake ionekane. "Ndiyo, Koko. Tangu juzi."

Hakuwa amemwambia mtu.

Kisha Koko akawataka watoto. Wakaketi kwa mstari, migongo kwake, wakaanza pambio lao la kila Jumapili. Mkono ukapita mgongo kwa mgongo. Kwenye wa tano ukasimama.

"Huyu haimbe."

Alikuwa Ornella. Kwa miaka miwili alikuwa akichezesha midomo tu, tangu binamu yake Evariste aseme kwamba sauti yake ni ya mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa amegundua. Sabine hata alikuwa amemsifu siku moja mbele ya wenzake kwamba anafungua kinywa vizuri.

"Anaimbaka," Sabine akamtetea.

"Haimbe," akarudia Koko, ambaye hakuwa amesikia utetezi huo.

Wenzake wakaanza upya. Kiganja hakikuondoka, kilikuwa cha moto na hakikuwa na haraka. Masikio ya Ornella yaliwaka. Alitamani Koko achoke, lakini Koko hakuwa na mahali pengine pa kwenda siku hiyo. Kwenye mstari wa tatu sauti ikatoka. Haikuwa nzuri.

"Eh. Sasa iko muzuri," Koko akasema, akahamia kwa mtoto wa sita.

Wakati wa kurudi, Abigaïl alitembea karibu na Ornella.

"Miye, kule ku milima kwetu, walinitoaka mu korali. Walisema sauti yangu inafunika ya wengine. Nikaimbia inje, ku dirisha, mwaka muzima."

"Nani alikurudisha?"

"Mvua. Niliimba nikiwa nimelowana, wao wako ndani. Wakasikia haya, wakaniita ndani."

Jumapili iliyofuata Ornella akaimba. Sabine alijua mara moja sauti ile mpya ni ya nani, akatazama dari. Evariste akageuka kwenye benchi lake. Ornella akamwona, akaendelea mpaka ubeti wa pili, ambao maneno yake hakuyajua vizuri kwa kuwa hakuwahi kuyahitaji.

Baada ya ibada Sabine akamwita, akamwambia awe anakuja kwenye mazoezi ya Jumatano nusu saa kabla ya wenzake.

"Iko azabu?" Ornella akauliza.

Sabine akafikiri. "Hapana," akasema. "Iko kazi."