Fimbo Mpya za Mzee Nicodemo

Jumamosi asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, Mzee Nicodemo aliweka mpira wa gofu kwenye malisho yake, akaupiga kwa fimbo ya chuma namba saba. Mpira ulipaa vizuri kuelekea mkonge wa mpakani. Ulipobakiza hatua kumi na mbili ulisimama angani, kisha ukaanguka wima kama pera lililoiva.

Akapiga mwingine. Ukasimama palepale.

"Chuma kimechoka," alisema.

Alikuwa bwana shamba mstaafu, na mchezaji pekee wa gofu katika vilima vya Gitting. Fimbo hizo aliachiwa na mtaalamu wa ngano aliyerudi kwao zamani, pamoja na gunia la mipira. Nicodemo alijiteua mwenyekiti, katibu na mwanachama wa klabu. Mwaka jana aliandaa mashindano, akashiriki peke yake, akawa wa pili. Nafasi ya kwanza hakuipata mtu.

Mipira ilikuwa ikisimama angani tangu Kwaresma. Kwa kuwa kiuno kilimsumbua na hakupenda kuinama, aliiacha ilipoanguka, na sasa ilikuwa imechora mstari mweupe ulionyooka kutoka barabarani mpaka korongoni.

Genoveva, mjane wa mdogo wake Benedict, alipita na jembe begani, akautazama mstari ule.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, mama Violeth."

"Naona mipira inaangukia pale mkonge ulipokuwa."

"Ni hizi fimbo. Ni za zamani."

"Labda ndiyo maana zinakumbuka," alisema Genoveva. "Nunua nyingine basi." Akaenda kupalilia kipande alichobakiwa nacho.

Mkonge ulihamishwa mwaka aliokufa Benedict. Nicodemo aliuhamisha kwa mikono yake, wiki ile watu walipokuwa bado wanalala msibani, na aliupanda kwa nafasi sawasawa, maana kilimo alikisomea.

Wiki nzima alikuwa njia panda. Fimbo za zamani alizipenda. Mishikio alikuwa ameifunga mwenyewe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na namba tisa ilikuwa imepinda kidogo kama yeye. Alimwuliza mkewe, Agatha, kama abadilishe.

"Hizo mpya zitaruka mpaka wapi?" Agatha aliuliza.

"Mbali."

"Mbali kupita mkonge?"

Nicodemo alisema chai imepoa.

Jumatatu aliuza mtamba, akashuka Katesh kwa Abdillah, muuza mitumba, ambaye alikuwa amepokea seti moja ya fimbo kutoka Arusha.

"Shikamoo mzee. Hizi ni za kisasa," alisema Abdillah, akisoma kwenye simu. "Wameandika hapa zinasamehe makosa."

"Makosa gani?"

Abdillah alisogeza kidole kwenye kioo, akatafuta. "Hawajataja, mzee. Nadhani yote."

Nicodemo akazichukua bila kuomba apunguziwe.

Kesho yake majirani walikuja kutazama. Alivaa kofia, akapiga. Mpira ulipaa juu kuliko siku zote, ukafika palepale, ukasimama, ukajizungusha mara mbili, ukaanguka juu ya mstari. Tofauti na zamani ilikuwa moja tu: ulianguka kwa adabu zaidi. Nicodemo alihisi uso unawaka, akalilaumu jua, ingawa kulikuwa na ukungu.

Genoveva alimwita mwenyekiti wa kitongoji, Yoakimu. Yoakimu aliomba mipira kumi ipigwe mbele yake. Yote kumi ilianguka mstarini. Akapima kwa hatua, akaandika, akanywa maziwa mgando vikombe viwili, akatoa uamuzi.

"Mpaka tumeuona wote," alisema. "Lakini suala la mipira ni la michezo. Mimi nashughulika na ardhi."

Watu wakatawanyika kwenda kwenye kazi zao. Genoveva alimtazama shemeji yake, na Nicodemo akajishughulisha kufuta namba saba, ambayo haikuwa na vumbi.

Hakuirudisha ardhi. Mvua zilipoanza alipanda viazi kwenye zile hatua kumi na mbili, na mchezo aliuendeleza kwa kuhesabu kila mpira uliosimama angani kuwa umeingia shimoni. Kwa hesabu hiyo akawa mchezaji mzuri sana. Hakufurahi kama alivyotarajia.

Wakati wa mavuno Genoveva alikuja kusaidia kuchimba, kama kila mwaka, na Nicodemo akampa debe moja, kama kila mwaka. Mipira iliyochimbuliwa pamoja na viazi Genoveva aliifuta udongo kwa kanga, akaijaza kwenye ndoo, akamkabidhi mwenyewe.

"Asante, mama Violeth."

"Haya shemeji."

Akajitwisha debe lake, akaondoka. Nicodemo alijikuta akihesabu hatua zake kuanzia pale ulipokuwa mstari. Kwenye ya kumi na mbili Genoveva aliinua gauni kidogo, akauvuka mkonge.

Agatha akaita kwamba chakula tayari. Nicodemo akaenda kula.