Bibi Asiyetisha

Bibi yake ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakunyamaza tena. Lakini asubuhi ile, mbele ya saluni ya shangazi yake, bango likiwa limeviringishwa kwapani, maneno yalikuwa yamemkauka. Mwalimu wao wa filamu alishatoa amri: hakuna kikundi kitakachoonyesha kionjo, kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu yake, kwenye ukumbi wa chuo kabla ya kwenda kwa watazamaji na kusikiliza maoni yao bila kujitetea.

"Mama zenu watawasifu hata mkipiga picha ya ndoo," alisema mwalimu. "Nendeni kwa watu wasiojua kusitiri."

Hapo Chiriku hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Wateja wa shangazi yake hawakuwa wamewahi kumsitiri mtu, awepo au asiwepo.

Filamu yenyewe iliitwa *Chumba cha Nyuma*. Mwanamke mmoja alifia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, na kila mpangaji mpya anayeingia humo, marehemu anamjia. Shida ilikuwa marehemu. Siku walipokuwa wakijadili nani acheze mzimu, bibi alipita na beseni la nguo, akasimama. "Mnahangaika na mzimu, na mimi nipo?" Nani angemkatalia? Wakampaka unga usoni, naye akataka kwanza uchekechwe. Baada ya hapo akakaa kwenye cherehani yake, akajishonea gauni la zambarau la kuvaa siku ya maonyesho, na mtaa mzima ukajua kwamba sura yake itakuwa kwenye bango. Muuza mkaa alijua. Hata mwenye nyumba, ambaye bibi alikuwa hasemi naye, alipelekewa habari.

"Watu wakisema abadilishwe, itabidi abadilishwe," alisema Bwana Taa, kijana wa kikundi chao aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyeshughulikia taa na kamera.

"Na utamwambia wewe?"

"Mimi ni mtu wa taa."

Wakaingia. Saluni ilikuwa imejaa, ndivyo walivyotaka. Nesi mmoja alikuwa kwenye kiti cha kati, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Kando yake muuza viatu alikuwa akikausha kucha, na kwenye benchi alikaa bi harusi mtarajiwa aliyekuja kujaribu mtindo. Kule mwisho, mteja mwingine alikuwa amelaza kichwa kwenye sinki akisubiri dawa ishike, taulo limemfunika uso. Bwana Taa alisimamisha kamera pembeni ili anase nyuso za watu wakitazama, kama walivyofundishwa. Chiriku akabandika bango kwenye kioo, kisha akachomeka kionjo kwenye televisheni ya ukutani.

Kwenye skrini mlango ulilia. Taa ikapepesa. Bibi akatokeza gizani, mweupe pe, macho yamemtoka, mikono mbele.

Nesi akacheka mpaka shangazi akamwachia nywele.

"Samahani," alisema akijifuta machozi. "Lakini huyu mama anatisha nini? Anaonekana kama anataka kuniuliza nimekula."

"Ana macho ya huruma," alisema muuza viatu. "Akinitokea huyu usiku nitamweleza shida zangu zote."

"Na hapo kwenye bango anatabasamu," bi harusi akaongeza. "Tazameni vizuri. Anajizuia, lakini anatabasamu."

Alikuwa anatabasamu kweli. Walipiga picha hiyo mara chungu nzima, na kila mara bibi alipoiona kamera, shavu lilimsaliti.

Shangazi alikohoa. Akamkonyeza Chiriku, akanyoosha kidevu upande wa sinki, akakohoa tena. Chiriku akadhani anaambiwa afanye haraka, wateja wanangoja. Akajikaza.

"Kwa hiyo mnasema tumbadilishe?"

"Mbadilisheni," alisema nesi. "Huyo mpelekeni kwenye tangazo la sabuni ya watoto, atauza kweli."

Na hapo Chiriku, badala ya kusikiliza bila kujitetea kama alivyoagizwa, akafungua moyo. "Hata mimi naona hivyo. Toka siku ya kwanza naona hivyo. Ila ni bibi yangu, nampenda, nimeshindwa kumwambia."

Shangazi akaufunika uso kwa viganja.

Taulo kule kwenye sinki likainuka, na chini yake alikuwa bibi, dawa kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

Nesi alianza kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwa kimeanguka. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na bango lake.

"Kumbe sitishi," bibi alisema.

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu, maana hasira za bibi huwa hazilali. Alilitazama bango pale kwenye kioo, akajitazama na yeye mwenyewe kwenye kioo hichohicho, akajifunga taulo kichwani, akaingia kwenye chumba cha nyuma ambamo shangazi aliweka mafuta na nywele za bandia. Mlango ukafungwa taratibu.

"Nilikukonyeza mpaka jicho likauma," shangazi alinong'ona.

Machozi yalishamfika Chiriku. Alikuwa akiwaza gauni la zambarau, na muuza mkaa, na jinsi bibi atakavyopita mtaani kesho, wakati mlango ule ulipofunguka kidogo tu, kiasi cha kupitisha mkono. Mkono ukatoka. Ukaita kwa vidole. Na sauti ikaja nyuma yake, laini, tamu, isiyo na haraka yoyote.

"Chiriku. Njoo, mjukuu wangu. Mbona unaogopa? Njoo tu. Sikupigi."

Muuza viatu akabana miguu na kukishika kiti. Bi harusi alikuwa ameshafika mlango wa nje, hajui aliinuka saa ngapi. Shangazi, mwanamke mzima mwenye saluni yake na watoto wake, alificha kitana nyuma ya mgongo. Na Bwana Taa, ambaye hata si mjukuu wa nyumba ile, alisimama wima nyuma ya kamera akasema, "Si mimi!"

Maana mtu akikwambia atakupiga, unajua unakimbilia wapi. Lakini ukishaambiwa hupigwi, na kwa sauti ile, unaanza kukumbuka makosa yako yote moja baada ya jingine, na hata yale ambayo bado hujayafanya.

Mlango ukafunguka wote. Bibi alikuwa amesimama na taulo lake, anatabasamu waziwazi.

"Mlitaka mtu atishwe, mkanipaka unga," alisema. "Si mngesema tu?"

Wakacheka mpaka mteja mpya aliyekuwa akiingia akageuza. Chiriku alimkumbatia bibi, dawa ikampata mpaka kwenye sikio, wala hakujali. "Nisamehe, bibi." "Nikusamehe nini? Umesema unanipenda mbele ya watu. Tena kuna ushahidi." Akaielekezea kidole kamera. Ilikuwa bado inarekodi.

Kionjo kikatengenezwa upya kutokana na mkanda uleule wa saluni, uliokuwa umenasa na mlango wa nyuma: giza, mlango, mkono, sauti. Sura hakuna. Kwenye bango nako ukabaki mlango ulio wazi kidogo na mkono unaoita. Bibi aliliangalia kwa muda mrefu. "Mkono ni wangu," alisema hatimaye. "Anayenijua ataujua." Akaenda kumwonyesha muuza mkaa.

Siku ya maonyesho alikaa mstari wa mbele na zambarau yake, Chiriku kando. Taa zilipozimwa na sauti ikaanza, ukumbi wote ulirudi nyuma kwenye viti. Mwalimu alidondosha kalamu. Chiriku akageuka kufurahi na bibi yake, akakuta bibi hacheki. Alikuwa amemshika mkono kwa nguvu.

"Umeogopa, bibi? Si wewe mwenyewe huyo?"

"Si mimi," bibi alisema. "Huyo ni mama. Sauti ya mama yangu hasa. Sikujua kama ninayo." Machozi yalikuwa yakimteremka, na shavu lilelile lilikuwa linamsaliti, linatabasamu.

Makofi yalikuwa bado yanapigwa alipoinuka, akamgeukia Bwana Taa kule nyuma kwenye mashine.

"Mwanangu," aliita, "hebu rudisha hapo anaponiita."